LISISI: MPASUKO WA SELI, SI UOZO

Istilahi lisisi imetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kulegeza au kufungua. Katika biolojia hutaja tendo la utando wa seli kupasuka, vilivyomo vikamwagika nje, na seli ikafa. Tafsiri za "kuoza" na "kugawanyika" hazifai. Kuoza ni kazi ya bakteria na kuvu katika kiumbe kilichokwisha kufa; kugawanyika huzaa seli mbili zilizo hai.

Tuchukue mfano wa Mwamkulu, Mpanda, mkoani Katavi, penye mashamba ya mpunga. Maji yatuamapo majarubani, mbu wa malaria hupata pa kuzaliana. Kimelea cha malaria huingia katika seli nyekundu ya damu, huongezeka humo, kisha huipasua. Plasmodium falciparum hutimiza mzunguko huo kwa saa 48 hivi. Seli zipasukapo, homa hupanda na damu hupungua. Tangazo la afya likisema kuwa damu "huoza", mzazi aweza kutafuta dawa ya kusafisha damu badala ya kumpeleka mtoto zahanati akapimwe.

Mwalimu aweza kuifafanua maana kwa hadubini: katika maji matupu seli nyekundu huvimba na kupasuka, katika maji ya chumvi ya asilimia 0.9 husalimika.

Kwa hiyo twapendekeza mpasuko wa seli katika maandishi ya umma, na lisisi katika vitabu vya sayansi, ipate kuoana na lisosomu na haimolisisi.