Kutoka kikwembe mpaka pantaloni: namna mavazi ya bamama yamebadilika

Asubuhi ku barabara za Goma, Bukavu ao Uvira, mama mmoja anapanda moto na pantaloni kwenda ku biro, mwingine amefunga kikwembe anaenda ku soko. Hakuna mwenye kushangaa tena. Lakini kuna wakati pantaloni ilikuwa shida na serikali.

Wakati wa Zaïre

Mwaka 1971 inchi ilipopewa jina la Zaïre, Mobutu alileta siasa ya kurudia asili, ile waliita otantisite. Wanaume waliacha kravati, wakavaa abakosti. Wanawake walikatazwa pantaloni, jipu fupi na perike. Kikwembe njo kikawa nguo ya kazi, ya kanisa na ya sherehe. Viwanda kama Utexafrica ya Kinshasa na Sotexki ya Kisangani vilitoa vitambaa.

Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na kravati ikaruhusiwa tena. Pantaloni za wanawake nazo zikaanza kuonekana polepole.

Chaguwa na moto

Kisha kulikuja uporaji wa 1991 na 1993, na vita. Mishahara ilipoteza nguvu, viwanda vikaanguka. Soko ikajaa vitambaa vya China vya bei ndogo na nguo za chaguwa: mama anainama juu ya baloti iliyofunguliwa, anachagua jipu ao pantaloni ya kazi kwa feza kidogo. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha kodi ya nguo hizo kutoka dola 0,20 mpaka dola 2,50 kwa kilo. Wauzaji wa mpakani waliisikia haraka.

Kazi zenyewe zilibadilika pia. Tangu 1994 mashirika ya misaada yaliajiri wanawake wengi Kivu, na kazi ya kwenda katika vijiji inaomba pantaloni na viatu vigumu. Moto nayo: kukaa vizuri nyuma ya motari na kikwembe si rahisi.

Sheria ilichelewa kuliko nguo. Kodi ya familia ya 1987 ilidai mke aombe ruhusa ya bwana kwa mambo ya sheria yanayomfunga yeye mwenyewe. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016.

Kikwembe hakijakufa

Yadi 6 zinatoa vipande 3: kimoja cha blauzi, kimoja cha kufunga chini, cha tatu cha kuongeza juu ao kubeba mtoto. Leo vijana wanaomba fundi awashonee robo, koti ao hata pantaloni ya kikwembe.

Kwa kununua, geuza kitambaa: wax ya kweli ina rangi sawa pande mbili. Kama upande wa nyuma umefifia, ni ya kuchapwa upande mmoja tu; usilipe bei ya wax.

Mjadala mkubwa unarudi kila mwezi wa tatu. Kwa 8 Machi, kazini na katika vikundi, bamama wanaombwa kununua kikwembe kimoja cha sare, na kulipa fundi juu yake. Kwa fundi ni mwezi wa mkate. Kwa mama ambaye mshahara haujaingia, inaweza kuwa deni. Kuchagua nguo kulitoka mikononi mwa serikali; sasa inabaki kuona kama kikundi nacho kitamwachia mama achague.