Kuzaa Si Kazi: Niliyofunzwa na Samaki wa Kioo

Wazee wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Maneno haya nayasikia tangu ningali mdogo chuoni, lakini maana yake nimeifahamu vyema nilipopindukia miaka hamsini, tena walionifunza ni samaki.

Msomaji asinicheke. Mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye bahari iko hatua chache na mlango wake, ana haja gani ya kufuga samaki ndani ya tangi la kioo? Mke wangu aliniuliza vivyo hivyo. Kwake yeye, mahali pa samaki ni chunguni.

Ukweli ni kwamba tangi lile nililinunua kwa ajili ya mjukuu wangu. Mamake, binti yangu, alikwenda Saudia kufanya kazi kwa mkataba wa miaka miwili, akatuachia mtoto wa miaka sita. Mtoto yule akawa haneni. Kutwa hukaa barazani akitazama njia. Nikaona nimtafutie kitu kingine cha kutazama.

Samaki wenyewe wafugaji huwaita malaika. Ni bapa kama sarafu, na mapezi yao ya juu na chini ni marefu mfano wa tanga. Umbo lao humkumbusha mtu kitatange wa miambani, lakini hawa si wa bahari. Asili yao ni Mto Amazon na vijito vyake huko Amerika ya Kusini, ambako maji ni matamu, ya vuguvugu, na hayana chokaa. Neno hilo la chokaa msomaji alishike, maana ndilo lililonitoa jasho.

Nilinunua sita wadogo. Dume na jike ni vigumu kuwatambua kwa macho, na kuwaozesha kwa nguvu haiwezekani. Huwekwa kundi, wakachaguana wenyewe. Baada ya miezi kama kumi, wawili walijitenga pembeni wakawa wanawafukuza wenzao. Nikawahamishia tangi la lita 100, nikawasimamishia kipande cha jiwe bapa. Jioni moja jike akaanza kupanda juu ya jiwe lile polepole, akibandika mayai safu kwa safu kama herufi kwenye ubao wa chuoni, na dume nyuma yake akiyarutubisha. Yalikuwa mamia.

Kulipokucha, hakuna hata moja. Wameyala.

"Babu," mtoto akaniuliza, "mbona wamewala watoto wao?"

Nilimwambia ni wageni wa kazi, na wakishtushwa hufanya hivyo. Ni kweli, wazazi wapya mara nyingi huyala mayai yao ya kwanza. Lakini niliona jibu langu halikumtosha.

Mara ya pili hawakuyala, bali yaligeuka meupe yakaota ukungu. Hapo ndipo nilipokumbuka chokaa. Kisiwa chetu kimekaa juu ya matumbawe, na maji ya visima vyetu ni magumu kwa chokaa hiyo, nami ndiyo niliyokuwa nikiyatumia. Katika maji magumu mno, mayai ya samaki hawa hayarutubiki vizuri. Dawa yake ilikuwa juu ya paa langu. Ilipokuja mvua ya masika niliiacha kwanza ioshe mabati, kisha nikakinga pipa. Nikachanganya sehemu mbili za mvua na moja ya maji ya bomba yaliyolala siku nzima. Ama joto halikunisumbua; samaki hawa hutaka nyuzi kama 27, na hizo Mombasa tunapewa bure.

Mara ya tatu wazazi walisimama imara. Walipepea mayai kwa mapezi usiku na mchana, wakiyatoa yaliyoharibika. Nami niliwaachia taa ndogo usiku wapate kuona. Siku ya tatu mayai yakaanguliwa, vitoto vikaning'inia jiweni kwa vichwa, mikia ikitetema. Kimoja kikaanguka, na mama akakidaka kinywani. Mtoto akapiga ukelele, "Amemla!" Lakini samaki yule akapanda taratibu, akakitema pale pale kilipokuwa, kikanata tena. Mjukuu wangu alicheka. Kicheko kile hatukuwa tumekisikia tangu mamake aondoke.

Siku kama tano baadaye, kifuko cha kiini kilipokwisha, vitoto vikaanza kuogelea, na sasa vinataka kula. Chakula chao ni uduvi mdogo sana aitwaye atemia, ambaye mayai yake makavu hutiwa maji ya chumvi yenye mapovu ya hewa, akaanguliwa kwa siku moja hivi. Si mgeni kabisa kwetu. Katika miaka ya 1980 alitiwa katika madimbwi ya chumvi kaskazini ya Malindi. Huchujwa kwa kitambaa, akasuuzwa, akapewa vitoto mara nne kwa siku. Na kila siku sehemu ya maji hubadilishwa. Ukilegea siku mbili, unazika.

Usiku mmoja mtoto akaniuliza swali nililokuwa nikiliogopa. "Babu, samaki huyu hakuwaacha watoto wake. Mama mbona ameniacha?"

Sikumjibu usiku ule. Samaki walipotaga tena, nililitoa jiwe pamoja na mayai yake, nikalitia katika chombo cha peke yake chenye maji yale yale, mapovu ya hewa, na matone ya dawa ya buluu ya kuzuia ukungu. Nikamwambia, "Hawa hawana mama karibu. Tutawalea mimi na wewe." Tukawalea. Yeye ndiye aliyekuwa akiniamsha alfajiri, kabla ya muadhini, kulisha uduvi. Wiki ya sita walikuwa wameota mapezi marefu, malaika kamili. Tulipohesabu walikuwa 63.

Nikamuuliza, "Hawa nao si wamekua?" Akasema wamekua. "Wamelelewa na nani?" Akafikiri kidogo. "Na sisi." Nikamwambia, "Basi na mamako amekuweka kwetu vivyo hivyo. Hakukutupa. Amekuweka amana, naye huko anatafuta riziki yako."

Ijumaa ile mamake alipopiga simu, mtoto aliielekeza kwenye kioo, akawa anamhesabia mamake samaki mmoja mmoja. Binti yangu alikuwa akilia, na mwanawe akimwambia anyamaze asije akakosa hesabu. Mkataba umebakia miezi minne, inshallah.

Nami, kwa kuwa mazoea yana taabu, sikuweza kufunga bila ya ubeti:

Nimetazama samaki, ndani ya kioo changu,
Usiku hawabanduki, hulea bila machungu,
Mwana hasahauliki, ni amana yake Mungu,
Aliye mbali na mwana, moyo wake u karibu.