Wiki Mbili Baada ya Lango la Gereza

Mjini Mombasa, Tanga au Unguja, kijana anayetumia unga, yaani heroini, akifungwa, nyumbani hupata ahueni ya siri. Mama husema afadhali, huko ndani atasafishika damu, atarudi mtu. Kweli, wengi hurudi wamenenepa, macho yamechangamka. Lakini siku hiyo ya kurudi ndiyo hatari kuliko zote, na inauma kwamba watu wachache mno wameambiwa.

Mwaka 2007, watafiti wakiongozwa na Ingrid Binswanger walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 30,237 walioachiwa kutoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza uraiani, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine. Kwa vifo vya kuzidisha dawa, ilikuwa mara 129.

Chanzo cha hatari hiyo kimo ndani ya seli za mwili. Heroini ikifika ubongoni hugeuka kuwa mofini na kushika vipokezi ambavyo kwa kawaida hutumiwa na vituliza maumivu vya mwili wenyewe. Vipokezi hivyo vipo pia kwenye shina la ubongo, panapotoka amri ya kuvuta pumzi hata tukiwa usingizini. Dawa ikizidi, amri hufifia. Mtu husinzia, midomo hubadilika rangi, pumzi hukatika.

Kwa anayetumia kila siku, mwili hujihami. Baadhi ya vipokezi hupoteza wepesi, vingine huvutwa ndani ya seli, na mifumo inayouamsha mwili huongeza kasi kushindana na dawa. Ndiyo maana kete iliyomlewesha zamani sasa humwondolea arosto tu, yaani mateso ya kukosa dawa. Akiikosa, mifumo ile ya kuamsha hubaki bila mpinzani: kamasi, kuhara, viungo kuuma, usingizi kutoweka. Wengi huyapitia haya sakafuni mahabusu, bila kidonge hata kimoja.

Baada ya wiki kadhaa kinga hiyo imeyeyuka. Hamu haijayeyuka, mtaa uleule na marafiki walewale huiamsha, naye hununua kipimo kilekile alichokizoea. Mwili wake sasa ni wa mgeni.

Tena gereza halizuii unga kabisa. Unapopenya, sindano moja hupita mikono mingi, na VVU na homa ya ini aina ya C hupita nayo.

Dawa ya kutibu uraibu huu ipo. Methadoni hushika vipokezi vilevile, lakini polepole, na kipimo kimoja hutosha siku nzima. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwaka 2011. Rhode Island, Marekani, ilianza mwaka 2016 kutoa methadoni na dawa nyingine za kutibu uraibu katika magereza yake yote. Vifo vya kuzidisha dawa miongoni mwa watu waliotoka kifungoni karibuni vilishuka kutoka 26 katika nusu ya kwanza ya 2016 hadi 9 katika kipindi kama hicho mwaka 2017. Nako Mombasa, gereza la Shimo la Tewa limewekewa kliniki ya methadoni.

Pengo kubwa ni siku ya kuachiwa. Dhamana, msamaha au faini iliyolipwa ghafla humtoa mtu kabla kliniki ya mtaani kwao haijapata habari zake. Barua yake ya dawa itangulie. Apewe pia naloksoni, inayoing'oa heroini kwenye vipokezi na kurudisha pumzi ndani ya dakika chache, na ndugu aliyekuja kumpokea afundishwe kuitumia palepale, kabla hawajapanda daladala au matatu.