Ziwa Lililo Kimya Lina Nguvu

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Asimamaye ufukoni mwa ziwa la Nzilo, si mbali na mji wa Kolwezi, aweza kuukumbuka usemi huo. Maji yametandazwa kama kioo, mitumbwi ya wavuvi yapita polepole, wala hakuna wimbi la kutisha. Lakini ziwa hilo halikuwako tangu asili. Ni mto Lualaba uliozuiwa kwa ukuta, na mitambo yake ya umeme ilianza kazi mwaka 1952, wakati bwawa lilipoitwa Delcommune. Mwaka 1956 ikafuata mitambo ya Nseke, chini zaidi katika mto uo huo. Ile ya Nzilo iliundwa itoe kilowati 108,000, na ya Nseke kilowati 248,000, hasa kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa vijana wa shule, mambo yampatayo mtu ashukaye ndani ya maji ya namna hii akiwa na mtungi wa hewa mgongoni. Si mchezo mtupu, wala si uchawi. Ni kazi yenye sheria zake, na sheria hizo hazimsamehe mtu.

PUMZI NDANI YA MTUNGI

Mwaka 1943 Wafaransa wawili, mwanamaji Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, walitengeneza kifaa kimpacho mzamiaji hewa kila avutapo pumzi, tena kwa mkazo ulio sawa na ule wa maji yaliyomzunguka. Tangu hapo mtu aweza kuogelea chini ya maji pasipo mpira wa kuletewa hewa kutoka juu.

Mtungi wa lita 12, ukishindiliwa hewa mara 200, una lita 2,400. Mtu avutaye lita 20 kwa dakika angedumu nao saa 2 akiwa nchi kavu. Lakini baharini, kila mita 10 za kina huongeza mkazo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Basi kwa mita 10 hewa ile yatosha saa 1, na kwa mita 30 nusu saa tu. Zaidi ya hayo, mzamiaji hana budi kubakiza akiba ya kumrudisha juu.

KUPANDA POLEPOLE

Wengi hudhani kwamba hatari iko katika kushuka. Sivyo, hatari kubwa imo katika kupanda. Kwanza, hewa iliyo kifuani hupanuka kadiri mtu apandavyo, na azuiaye pumzi aweza kupasuka mapafu. Pili, chini ya mkazo mkubwa naitrojeni ya hewa huingia katika damu na nyama za mwili. Akipanda haraka, hutoka kwa mapovu, kama soda ifunguliwapo ghafula. Mapovu hayo huumiza viungo, hupooza miguu, na pengine huua.

Mskoti John Scott Haldane aliyachunguza mambo haya kwa kutumia mbuzi, na mwaka 1908 alitoa majedwali ya kupanda kwa vituo. Siku hizi wengi hufundishwa kupanda si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na kutulia dakika 3 kwenye kina cha mita 5 kabla ya kutoka.

Hapa kuna jambo lituhusulo sisi watu wa nyanda za juu. Ziwa la Nzilo liko mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari, na huku juu hewa ni nyepesi. Baharini, mkazo kwenye mita 30 ni mara 4 ya ule wa juu ya maji; katika ziwa letu huzidi mara 4. Kwa hiyo majedwali ya bahari hayafai kutumika hivi hivi mahali palipozidi mita 300 juu ya bahari. Tena mji wa Kolwezi uko juu kuliko ziwa. Atokaye majini na kuingia garini mara moja kurudi mjini bado anapanda, na mwili wake haujamaliza kuitoa naitrojeni. Yampasa apumzike kwanza.

PENYE UKUTA

Lakini adui mkuu wa mzamiaji penye bwawa ni lile tundu lipelekalo maji kwenye mitambo. Tufanye hesabu, kama darasani. Kwa kina cha mita 20, maji hukandamiza kila mita mraba kwa uzito wa tani 20. Fikiri tundu la sentimita 30 kwa 30, lisilo na maji upande wa pili. Mtu akiliziba kwa mwili wake, atashikwa kwa uzito wa kilo 1,800. Wenzake kumi hawawezi kumbandua. Na baya zaidi, mvuto huo hauonekani mapema. Maji hutulia mpaka mtu amekaribia mno, ndipo humnyakua.

Ndiyo sababu wazamiaji wenye akili hawaingii majini karibu na ukuta mpaka mitambo imesimamishwa, milango imefungwa kwa kufuli, na mkuu wao ameshika ufunguo mkononi.

Je, kazi hii ya hatari yafaa nini? Penye mabwawa, wazamiaji hukagua nyufa na kuondoa magogo yazibayo vyuma vya kuchujia maji. Katika maziwa mengine wameokoa watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika Ziwa Viktoria nchini Tanzania, na watu zaidi ya 220 wakafa. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi wa mitambo akali hai, kwa kuwa alipata mahali palipobaki hewa ndani ya kivuko. Wengine wengi waliwatoa wakiwa maiti, jamaa wakapata kuwazika wapendwa wao.

Enyi vijana mkaao kando ya maziwa ya mabwawa, wavu ukinaswa karibu na ukuta, uacheni. Wavu hununuliwa tena sokoni. Na kama mmoja wenu atamani kuwa mzamiaji, ajifunze kwanza hesabu na elimu ya viumbe, kisha atafute mwalimu, wala asishuke peke yake kamwe.