Mpiga Santuri Naye ni Mwalimu

Usiku mmoja hapa Junju, penye disko matanga, nilimwona mpiga santuri akiujaribu wimbo mpya wa rap. Alisikiliza mdundo tu; vumbi lilipotimka, akaurudia mara tatu. Maneno hakuyapima. Wanafunzi wangu waliyabeba: Jumatatu waliyaghani shuleni bila kukosea, ilhali shairi tulilolisoma wiki nzima liliwashinda.

Tusiilaumu rap. Mwaka 1997, Kalamashaka wa Dandora walithibitisha kwa “Tafsiri Hii” kwamba Kiswahili chaweza kuubeba mdundo huo pamoja na uchungu wa mtaani. Kosa letu ni kumwachia mpiga santuri peke yake kazi ya kuchagua. Walimu wenzangu, tuzilete nyimbo hizi darasani, tuchambue vina vyake na ujumbe wake. Sikio lililofunzwa halipokei kila kelele.