Bánh rán: kaimati za Vietnam kwenye jiko la Brussels

Soko la Jumapili asubuhi kwenye stesheni ya Gare du Midi hujaa hadi wenye masanduku yao ya kwenda London hupita kwa shida. Wengi wetu hufuata minti, zeituni na mboga za bei nafuu. Mimi huchukua na ufuta, kwa ajili ya bánh rán, vitafunwa vya Vietnam ambavyo mwanangu huviita "kaimati za kugonga".

Ameviita vizuri. Kule Hanoi, kijazo kinatakiwa kiachane na ganda. Ukitikisa karibu na sikio unakisikia kikigonga. Kusini huitwa bánh cam, yaani la chungwa, kwa umbo na rangi yake. Kijazo chenyewe hakitakushangaza: ni choroko za kuparaza, zile za manjano zisizo na maganda.

Unga ndio wa kutafuta. Unga wa mchele tunaopikia vibibi hautoshi peke yake. Unahitaji wa mchele wa kunata, ulioandikwa "riz gluant". Hauna gluteni, jina lisikutishe. Kutoka Midi fuata barabara ya Lemonnier, kisha Anspach, mpaka maduka ya Waasia karibu na Bourse.

Kwa vipande kama 20: loweka choroko gramu 150 saa nne, zichemshe, ziponde na sukari gramu 70 na tui kidogo, kisha zikaushe motoni mpaka zifinyangike. Kaskazini hutia harufu ya yasmini. Mimi hutia iliki, na wageni hawajalalamika. Kwa ganda, changanya unga wa kunata gramu 250, unga wa mchele wa kawaida gramu 30, kiazi kilichopondwa gramu 80, sukari gramu 60 na chumvi kidogo. Ongeza maji ya vuguvugu kidogo kidogo mpaka ulainike kama sikio, ufunike nusu saa. Zungushia kila kidonge cha choroko unga, ziba nyufa zote, viringisha kwenye ufuta.

Sasa nisikilizeni kama nesi. Vidonge hivi hupasuka. Ganda likikauka upesi kwenye mafuta makali, mvuke wa ndani hukosa pa kutokea, na mafuta hukurukia usoni. Anza na nyuzi 140 hadi 150, geuza bila kuchoka, pandisha moto mwishoni tu ili rangi iive. Watoto wakae nje ya jiko, hata kama fleti ni ya chumba kimoja. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike, maji kamwe. Ukiungua, weka chini ya maji ya bomba dakika 20. Dawa ya meno, asali na barafu viache. Jeraha likiwa kubwa au la usoni, piga 112.

Ufuta umo kwenye orodha ya Ulaya ya vizio 14 vinavyolazimika kutajwa, kwa hiyo uliza kabla ya kupeleka shuleni. Kwa watoto wadogo na wazee wanaomeza kwa shida, ganda linalonata ni hatari ya kukaba. Wape choroko peke yake.

Vile siku hiyohiyo. Kesho yake ganda hukaza, lakini dakika chache kwenye oveni ya nyuzi 160 hulilegeza, wakati chai inachemka.