Radoni: Gesi Isiyonusika Ndani ya Nyumba Zetu

Mtu akiugua saratani ya mapafu, swali la kwanza la majirani ni moja tu: "Alikuwa akivuta sigara?" Mara nyingi jibu ni ndiyo. Lakini wapo wanaougua bila kuonja sigara maisha yao yote, na jamaa zao hubaki wakijiuliza ugonjwa umetoka wapi. Jibu mojawapo ni gesi iitwayo radoni. Mwezi huu tuitazame gesi hiyo, na tuone sisi tunaoishi Pemba inatuhusu kwa kiasi gani.

Radoni ni nini?

Katika udongo na mawe ya dunia nzima mna chembechembe za madini ya urani. Madini hayo huvunjika yenyewe polepole sana, na katika kuvunjika huko hupatikana gesi ya radoni. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ikitokea uwanjani, huchukuliwa na upepo na kutawanyika. Lakini ikipenya kwenye nyufa za sakafu na kuingia katika chumba kilichofungwa, hujikusanya humo. Radoni nayo huvunjika ikawa vumbi laini mno lenye mionzi. Tukivuta pumzi, vumbi hilo hunasa mapafuni na mionzi yake hudhuru mapafu kidogo kidogo. Baada ya miaka mingi saratani inaweza kuanza.

Jambo hili si geni. Mwaka 1879 madaktari wawili wa Ujerumani walieleza kwamba wachimba migodi wa Schneeberg walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu. Baadaye ilijulikana kwamba radoni ya migodini ilikuwa sababu kubwa. Mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka radoni katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya kila wagonjwa 100 wa saratani ya mapafu, 3 hadi 14 wameipata kwa ajili ya radoni, kutegemea nchi.

Jirani zetu wa Kwale

Pengine msomaji atasema hayo ni mambo ya Ulaya. La hasha. Ng'ambo ya Mkondo wa Pemba, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya, kipo kilima kiitwacho Mrima. Udongo wake una madini mengi ya thori, ambayo nayo hutoa gesi, ndugu yake radoni, iitwayo toroni. Watu wa hapo, kama sisi, hujenga nyumba za miti na kuzikandika kwa udongo wa papo hapo. Wataalamu walikwenda kupima radoni na toroni ndani ya nyumba hizo za udongo, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2015.

Toroni haidumu. Kila dakika moja ikipita, zaidi ya nusu yake imekwisha. Kwa hiyo haifiki mbali, bali hukaa karibu na ukuta ilikotoka. Fikiria basi mtoto alalaye juu ya mkeka, uso wake umeelekea ukutani usiku kucha.

Huku kwetu Tanzania bara, mawe ya fosfati ya Minjingu, mkoani Manyara, nayo yana urani, na wataalamu wamepima mionzi ya eneo hilo.

Je, Pemba tuko salama?

Kisiwa chetu hakina miamba ya graniti kama ile ya Mwanza. Ardhi yetu ni mchanga, udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa, ambayo kwa kawaida huwa na urani kidogo. Hapana haja ya kuingiwa na hofu. Hata hivyo tusijisahau, maana mawe ya chokaa yana mianya, na gesi hupita humo.

Zaidi ya hayo, ujenzi wetu unabadilika. Nyumba ya wazee wetu iliachiwa nafasi kati ya ukuta na paa, kaskazi na kusi zikapita. Nyumba ya leo ina dari, vioo, na pengine mashine ya kupoza hewa inayotaka madirisha yafungwe. Tumepata nyumba nzuri, lakini hewa ya jana ndiyo tunayoivuta leo.

Inapimwaje?

Macho na pua havisaidii, kipimo ndicho kisemacho kweli. Kipimo kinachotumika sana ni kidude kidogo cha plastiki kisichohitaji umeme. Huwekwa chumba cha kulala, mbali na dirisha, kwa miezi mitatu au zaidi, kisha hupelekwa maabara ambako huhesabiwa alama zilizoachwa na mionzi. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi bekereli 100 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, na kama hilo haliwezekani, kisipite 300. Hapa nchini chombo chenye dhamana juu ya mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tufungue madirisha kila siku, hasa ya vyumba vya kulala. Anayeogopa mbu aweke wavu dirishani na chandarua kitandani.

2. Tuzibe nyufa za sakafu kwa saruji.

3. Kuta za udongo tuzipige lipu au chokaa, na kitanda tukisogeze mbali kidogo na ukuta.

4. Tusivute sigara. Hatari ya radoni kwa mvutaji ni karibu mara 25 ya ile ya asiyevuta. Na anayevuta chumbani huwadhuru mke na watoto kwa moshi wake.

5. Tusidanganyike kwamba kufukiza udi au ubani kunasafisha hewa. Harufu hubadilika, gesi hubaki.

Dirisha linalotoa radoni ndilo litoalo pia moshi wa kuni na gesi ya jiko la makaa, ambayo huweza kuua watu kwa usiku mmoja. Faida yake basi ni zaidi ya moja.

Kikohozi kisichokoma

Neno la mwisho. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anayetoa damu, anayekonda au kubanwa kifua, aende hospitali apimwe kifua kikuu. Ikionekana hana kifua kikuu na bado anakohoa, asirudi nyumbani akae kimya. Aombe apigwe picha ya kifua, hata kama hajawahi kuvuta sigara. Wengi hufika kwa daktari wakati umekwisha kupita, kwa sababu waliambiwa saratani ya mapafu ni ya wavutaji tu.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii haihitaji fedha nyingi. Kesho asubuhi, kabla ya chai, tufungue madirisha.